Mayai Yenye Madirisha

Klementina hajawahi kukubali jambo kwa kuambiwa tu. Tukiwa darasa la tano hapa Mtua, mwalimu alitufundisha kwamba popo si ndege, ni mnyama anayenyonyesha. Sisi wengine tuliandika kwenye madaftari tukaenda kucheza rede. Yeye alipanda kwenye dari la kanisa, akamkamata popo, akaja naye shuleni kesho yake ndani ya kopo la maziwa ili tuone ananyonyesha kwa wapi. Popo alimng'ata mwalimu. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba ubishi wake ulimwanzia chuoni.

Siku hizi anafundisha biolojia katika sekondari moja ya Ruangwa, na huku anasomea shahada ya pili. Mimi ni Scholastika, Skola kwa wanaonijua, mkulima wa korosho na ufuta, jirani wa mama yake. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa matete ambao mbuzi wangu wameshaula nusu. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na machache ambayo sikuyaona ameniambia mwenyewe, na huyo hajui kuongopa. Ndiyo kasoro yake kubwa.

Watu wakiuliza Klementina anasomea nini, huwa najibu mimi, maana akijibu yeye watu husinzia. Ni hivi. Wachina wana mizizi ambayo tangu zamani sana wanaichemsha kwa ajili ya vidonda na damu. Msimamizi wake chuoni anampa vichupa vya dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mizizi hiyo, naye kazi yake ni kutazama kama inakuza mishipa ya damu, inaizuia isikue, au haifanyi lolote. Ukiwa na kidonda unataka mishipa iote ilete damu. Ukiwa na uvimbe mbaya tumboni hutaki uote hata mmoja wa kuulisha. Kwa hiyo swali lenyewe si la mchezo.

Na pa kutazamia ni ndani ya yai. Yai la kuku lililolaliwa wiki hivi lina utando chini ya ganda, na kwenye utando mishipa imesambaa, myekundu na myembamba, kama mizizi ya mche wa mkorosho unapochana kiriba. Klementina anakata dirisha dogo kwenye ganda, anadondosha dawa juu ya utando, anaziba kwa plasta, kisha anarudisha yai kwenye joto. Baada ya siku chache anafungua na kupiga picha. Mayai mengine anayawekea maji yasiyo na dawa, apate cha kulinganisha. Mara ya kwanza kuliona dirisha lile niligeuza uso. Mara ya pili niliona mshipa ukidunda, nikasogea karibu.

Yote haya yangebaki kuwa mambo ya shule kama si mguu wa mama yake.

Mama Josephina ana kisukari. Msimu wa korosho alijikata kwenye kisiki akiwa shambani, hata hakusikia maumivu, na kidonda kikakaa kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kikahamia cha pili yake. Hospitali walimwambia vidole hivyo viwili vimeshakufa, vikatwe upesi, wayo upone. Alikataa. Si kwa ujinga, tafadhali. Kaka yake, marehemu Kipriani, walianza kumkata kidole.

"Wakaja wakakata hapa," mama alituambia huku akijigusa kifundo, kisha goti, "wakaja wakakata hapa. Nyie mnasahau. Mie ndiye niliyemuosha mwishoni. Nilimuosha nusu mtu."



Badala ya hospitali alikwenda kwa Twaha, kijana mwenye duka la dawa za Kichina pale Ruangwa, mcheshi, mwenye mdomo wa asali. Twaha alimuuzia unga ndani ya pakiti zenye picha ya mguu, akamhakikishia kwamba unaotesha mishipa mipya. Na alichosema alikiamini, hata bibi yake alikuwa anampa. Klementina aliposoma pakiti akakuta imetaja mzizi uleule uliomo kwenye kichupa chake kimojawapo. Alipomwambia mama yake hivyo, basi, mambo mawili yakawa moja.

"Kumbe dawa yangu ndiyo unayoipima," mama akasema. "Pima. Ukiona haifai, nitakwenda wakanikate. Ukiona inafaa, mniache."

"Mama, nenda kwanza, mimi nitapima wewe ukiwa umeshatibiwa."

"Pima kwanza."

Kwa hiyo Klementina alikuwa na kidonda upande mmoja na mayai upande wa pili, na cha kwanza hakikuwa kinangoja. Alianza wiki ileile. Dickson, fundi wa pale Ruangwa, alimtengenezea sanduku la mbao lenye taa za kutia joto, likawekwa kwenye maabara ya shule. Umeme ukakatika kutwa nzima, mayai yote yakafa. Mtu mwingine angeomba muda. Yeye alikuja Mtua Jumamosi, akasimama mbele ya banda la mama yake, akawatazama kuku.

"Hawa hawakatiki umeme," akasema.

Akapanga hivi: siku za mwanzo mayai yalaliwe na kuku wa mama, halafu yaende Ruangwa kwa kazi ya madirisha, ambako angechemsha maji na kuyazungushia machupa ya moto kila taa zikizimika. Aliyapanga chini ya tetea wawili kwa siku moja, akayachora alama za mkaa. Hiyo ya mkaa si ya chuoni, ni yetu sote. Kuku mwingine huja kutagia kwenye kiota kisicho chake, na usipoweka alama utajikuta unakaanga kifaranga.

Siku ilipofika mimi ndiye niliyebeba trei kupeleka Ruangwa, nikiwa nimeipakata kwenye gari, imefunikwa khanga mbili, nikimfokea dereva kila penye shimo. Trei ilikuwa imejaa pomoni, mayai yote yana alama. Klementina aliigawa kama ilivyokaa: mistari ya mbele maji matupu, ya katikati dawa ya kichupa, ya mwisho unga wa Twaha uliochujwa.

Matokeo yalikuja, na jamani, yalikuwa ya kuruka. Alinionyesha picha kwenye simu. Mayai ya maji yalikuwa na mishipa ya kawaida. Ya kichupa, zaidi kidogo labda. Lakini ya unga wa Twaha yalikuwa na mishipa minene, imepandana, mpaka utando wenyewe huuoni. Nilipiga vigelegele palepale maabara, wanafunzi wakachungulia madirishani.

Klementina alimtumia mama yake picha, kosa ambalo mtu yeyote mwenye mama angelifanya. Kufikia jioni Mtua nzima ilikuwa imeiona. Mama Josephina alikuwa na siku ya kwenda hospitali wiki hiyo, kwa ajili ya kuzungumza na daktari tu, hakwenda. Alisema mwanawe ameona kwa macho yake. Twaha naye akapiga simu akitaka picha hiyo aikuze aibandike dukani.

"Mwalimu, umenipaisha," akamwambia. "Niandikie na jina lako hapo chini."

"Subiri," Klementina akamjibu.

Kwa nini asubiri? Kwa sababu alikuwa amerudi kuyaangalia mayai yale ya mwisho, na safari hii hakuangalia mishipa, aliangalia vifaranga. Vilikuwa na vinyweleo vya manyoya. Vile vya maji na vya kichupa havikuwa navyo, vilikuwa uchi kama kidole.

"Dawa inaweza kukuza mishipa, Skola," aliniambia kwenye simu. "Lakini haiwezi kumzeesha kifaranga. Hawa ni wakubwa kuliko wenzao. Walilaliwa mapema."

"Si uliyapanga mwenyewe siku moja?"

"Ndicho ninachokuja kuuliza."

Alifika Jumamosi asubuhi. Mama yake alikuwa amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Niseme ukweli, harufu ilikuwa inafika mpaka kwangu, na sisi majirani tulikuwa tumejizoeza kutoitaja. Klementina alisalimia, akakaa chini kwenye mkeka, akauliza kwa upole kama kuna chochote kilichotokea bandani wakati kuku wanalalia.

"Hakuna kitu," mama akasema. "Kenge tu."

"Kenge amefanyaje?"

"Alikuja akala mengi, ya kutosha mistari yote ya mwisho ya trei. Nikamfukuza na mchi." Mama akatabasamu, akijua amefanya jambo zuri. "Usihofu, nilikujazia. Yule tetea wangu mwekundu alikuwa ameshalalia kitambo, nikatoa yake, nikayachora mkaa, na siku ya kupanga trei nikayaweka mwishoni. Sasa mwanangu mtafiti nimpelekee trei ina mapengo? Watu wa Ruangwa wangesema nini?"

Sasa kama wewe si mtu wa huku, labda utamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ningefanya vilevile. Mama yangu hakuwahi kupeleka kwa watu kikapu kisichojaa. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, debe la mbaazi linatingishwa likajazwa tena, na ulichoongeza hukitangazi, maana ukikitangaza kinakuwa si zawadi. Mama Josephina alitoa vifaranga vyake mwenyewe ili kazi ya mwanawe isipungue. Na zawadi hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Klementina alifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Alipoitoa mikono nikaona ni hasira, na nusu ya hasira hiyo alijikasirikia mwenyewe, kwa kutopiga picha ya kila yai kabla ya kutia dawa. Angepiga, angeona mapema.

"Mama, ile picha ni ya uongo," akasema. "Mishipa ile si ya dawa. Ni ya umri. Uliweka mayai yaliyolaliwa zaidi kwenye mistari niliyotia unga wa Twaha."

Mama akasema, polepole, "Basi rudia."

"Nitarudia. Lakini wewe unakwenda hospitali Jumatatu."

"Tulikubaliana upime kwanza."

"Nimekosea kukubali."

Hapo ndipo mama alipowaka. Alipohamia Kimwera nilijua hali mbaya, maana Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, Kimwera ndicho anachogombea. Alimwambia, kwa kifupi, kwamba hatakatwa kwa sababu ya manyoya ya vifaranga. Kwamba Kipriani naye aliambiwa ni kidole tu. Kwamba kama anamtaka mama nusu, akatafute kwingine.

Mimi ningeondoka. Klementina hakuondoka. Alingoja mpaka pumzi ikamwishia mama, ndipo akauliza kama vile wanazungumza habari nyingine kabisa:

"Mama, ukiyamulika mayai kwenye kiota ukakuta yai viza, unalifanyaje?"

"Naliondoa. Unauliza nini wewe?"

"Mbona usiliache? Kuku si yupo anatia joto. Labda litafufuka."

"Viza halifufuki. Litapasuka, liyaoze na mengine." Mama alijibu bila kufikiri, akiwa bado na hasira, kama mtu anayemwelekeza mtoto mjinga.

Nikaona mama ameanza kuelewa alichokisema mwenyewe, na uso wake ukabadilika, nikatamani kuangalia pembeni lakini sikuweza.

"Dawa yangu naiweka kwenye yai lililo hai, mama," Klementina akasema. "Changa, damu inatembea, halina sukari, halina usaha. Hata ikiotesha mishipa humo, kidole chako hakitaisikia. Kile ni viza. Mguu bado uko hai. Mjomba Kipriani alikwenda wakati viza lilikuwa limeshapasuka, wewe ulikuwa unamficha harufu kama hawa majirani wanavyokuficha wewe. Nakuomba uende. Nikirudi kesho nitakuomba tena. Kesho kutwa nitakuomba tena, nitaacha kazi nikae hapa kwenye mkeka nikuombe."

Niliona aibu ya ile harufu tuliyokuwa tunajifanya hatuisikii. Nilimwambia, "Mama, ni kweli, inanuka. Inanuka mpaka kwangu." Nilisema hivyo nikilia.

Mama Josephina alikiweka sawa kitambaa cha mguuni. Mwishowe akageuka kwangu, si kwa mwanawe.

"Nikiwa huko, nani atawapa kuku maji?"

"Mimi," nikasema.

Jumatatu wakaenda hospitali ya Nachingwea, na vidole viwili vikakatwa. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, mguu mnene kwa bandeji, amekonda lakini macho yamerudi. Wauguzi walikuwa wanampima sukari na yeye anawalalamikia chai isiyo na ladha, nikajua atapona.

"Vimebaki vitatu," akaniambia, akiviinua nivione vinachungulia.

"Vinatosha," Klementina akasema kutoka upande wa pili wa kitanda.

Nyie mngefikiri sasa angepumzika. Mama yake akiwa bado wodini, huyo alikwenda kwa Yunisi, mke wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, mwenye kuku wengi kuliko sisi sote. Akamweleza yote tangu kenge mpaka manyoya, akamsihi asimwongezee hata yai moja. Yunisi alicheka mpaka akakaa chini, lakini alitii. Safari hii Klementina aliandika kila yai kwa penseli, akalipiga picha kabla ya dawa na baada ya dawa, na Dickson akapewa mayai yamechanganywa ayapangie yeye mafungu na kuyadondoshea dawa, ili Klementina mwenyewe asijue lipi limetiwa nini mpaka amalize kupima.

Majibu hayakuwa ya vigelegele. Dawa ya kichupa iliongeza mishipa, kidogo, lakini iliongeza. Unga wa Twaha haukutofautiana na maji. Huenda mzizi uliomo ni kiduchu, huenda hata haumo. Klementina hakujua, na alisema hajui. Alimpelekea Twaha habari hiyo dukani uso kwa uso. Twaha alinuna, akabisha, akasema mayai ya Kisukuma yana vichwa vigumu. Lakini pakiti zenye picha ya mguu alizitoa kwenye rafu ya mbele, na mteja mwenye kidonda akija, siku hizi anamuuliza kwanza kama ameshafika hospitali. Bibi yake alikuwa wa kwanza kuulizwa.

Kilichonipa hofu ni kumwambia mama. Nilimshauri Klementina amwambie kwamba dawa zote hazikufaa, yaishe. Alinitazama kama nimemtukana. Akaenda akamwambia yote, na la kichupa akalisema: kwamba mzizi ule, ukiwa safi, ndani ya yai, ulikuza mishipa.

Mama alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, amevaa kiatu cha kufunika alichopewa masharti asikivue nje. Alisimama katikati ya uwanja.

"Kwa hiyo ilikuwa na kitu," akasema.

"Ina kitu, mama. Bado sijui ni kikubwa kiasi gani. Inabidi nirudie tena."

Nilijua anawaza vile vidole viwili, na yeye alijua kwamba najua. Aliutazama mguu, akautazama ule ua wa matete, akatazama banda.

"Safari hii walalie kuku wangu," akasema. "Mie siko hospitali tena."

Klementina alikubali. Aliyapanga mwenyewe, akaandika kwa penseli, akarudi Ruangwa bila kutoa onyo hata moja. Mimi ningetoa kumi. Mama Josephina aliweka kiti chake mlangoni mwa banda na fimbo mapajani, na kutwa alikuwa hapo. Siku moja alikwenda kliniki, na siku hiyohiyo kenge akaja. Nilimkimbiza mimi, nimechelewa. Aliporudi nikamwonyesha kiota. Tetea mwekundu alikuwa analalia mayai yake pembeni, na mama alimtazama kwa muda, akaingia ndani.

Kesho yake alinikabidhi trei ikiwa imefunikwa, imefungwa vizuri kwa khanga, akanipa maneno ya kupeleka. Njia nzima sikufunua.

Kule maabara, Klementina alifungua fundo akainua khanga. Trei ilikuwa na mapengo. Yalikuwa wazi pale katikati, yanaonekana na kila mtu, na kwenye kila pengo mama alikuwa ameweka pamba safi, ileile aliyopewa hospitali ya kuweka katikati ya vidole, ili mayai yaliyobaki yasigongane.

Klementina, ambaye hakulia wodini, aligeukia ukutani.

"Mama anasema hayo ndiyo yaliyobaki," nikamwambia.

Alijifuta kwa kiganja, akavuta kiti, akaichukua penseli.

"Yanatosha," akasema, akaanza na yai la kwanza.